Ng'ombe Wako Hawezi Kukaa Mjini

Nsimire, mwanangu,

Kesho ukiamka hutanikuta nyumbani. Usianze kulia, na tafadhali usimsikilize bibi yako, Koko, akikwambia kwamba mama yako amekataa kukuaga. Nitakuwa nimeondoka kabla hakujapambazuka, mimi na ng'ombe. Kesho ni Jumamosi, siku ya Salongo, ya kila mtu kusafisha mtaa, na watu wa ofisi ya zone wamesema wazi kwamba wakipita kukagua usafi na kumkuta ng'ombe bado yumo kwenye garaji yetu, watamchukua wao. Kwa hiyo lazima mtu amtoe mjini mapema. Baba yako anasema mgongo unamuuma. Mgongo wa baba yako huuma kila linapokuja jambo la kuamua, na mimi nimeishi na mgongo huo tangu nilipoolewa.

Lori lenu la Kisangani linaondoka Nyawera asubuhi, likishapakia. Nimejaribu kupanga kila namna, lakini siwezi kukusindikiza wewe na kumsindikiza ng'ombe kwa wakati mmoja. Mtoto wangu wa kwanza anakwenda chuo kikuu, na mimi nitakuwa barabarani nimeshika kamba. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Sitakwambia uchemshe maji, wala usile vitu vya njiani, wala usikae karibu na dereva. Hayo Koko amekuwa akiyasema tangu Jumatatu, na kesho atayasema tena wakati una mguu mmoja ndani ya lori. Mimi nataka kukueleza habari ya ng'ombe. Utasema unaijua, kwa kuwa umemkatia majani. Unajua nusu yake.

Unakumbuka Jumapili ile watu wa kijiji cha Miti walipokuja. Mzee, baba yake yule kijana Byamungu, alikuwa amefunga koti lake la abacost mpaka kooni na jasho linamtoka. Nyuma yake wajomba, na mbele ya wote ng'ombe, amepambwa kwa majani, anatembea katikati ya barabara ya Nyalukemba kana kwamba yeye ndiye mwenye zile nyumba za Wabelgiji. Majirani walitoka kwenye baraza kutazama. Nami, nisikudanganye, nilijisikia mkubwa.

Kwetu Bushi unajua ilivyo. Ng'ombe akiletwa kwa ajili ya msichana, na akalala uani bila kurudishwa, maneno yamekwisha. Msichana ana kwao kwingine. Sisi tulikuwa tumeambiwa kwamba wanakuja kusalimia tu, na mtu anayekuja kusalimia haji na ng'ombe. Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Badala yake nilikwenda kumtazama ng'ombe chuchu zake.

Usinicheke. Nilikulia Walungu katika nyumba ambayo maziwa tulikuwa tunayasikia harufu tu, kwa jirani. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu maisha yake yote. Kwa hiyo mzee wa Miti aliponiuliza mbele ya wote, «Maman, unaona je?» mimi nilikuwa bado nimeinama pale chini, nikajibu, «Iko muzuri sana!» Nilikuwa nasema juu ya ng'ombe. Wao walichukua jibu lao wakaketi.

Baba yako aliulizwa, akakohoa. Ukaulizwa wewe, mwenye ng'ombe, na wewe ulifanya nini? Ulicheka! Mimi najua kwa nini ulicheka. Ng'ombe alikuwa ameingiza kichwa kwenye kamba ya nguo na anatafuna kitenge cha Koko, na Koko anamvuta upande wa pili huku akimtukana kwa lugha yetu ya Mashi. Hata mimi nilitaka kucheka. Lakini mzee wa Miti alikuwa ameipa kamba ya nguo mgongo. Akapiga magoti yake kwa viganja, akasema, «Mutoto amecheka. Basi, amekubali.» Nawe ukaendelea kucheka.

Hivyo ndivyo ulivyoposwa, mwanangu: kwa kikohozi cha baba yako, kwa uroho wangu wa maziwa, na kwa kitenge cha Koko. Ningesimuliwa habari hii juu ya watu wengine ningesema ni wajinga.

Jioni ile mvua ikanyesha, ile mvua yetu isiyojua kuacha. Ng'ombe alikuwa apelekwe Walungu kwa mjomba wako, lakini nani angemtoa kwenye tope lile? Baba yako akasema alale kwenye garaji, usiku mmoja tu. Mzungu aliyejenga nyumba hii alikuwa na gari. Sisi hatuna, na garaji ilikuwa imekaa tupu na sementi yake nzuri. Usiku huo mmoja unaendelea hadi leo.

Sasa nieleze, kwa kuwa unakwenda kusoma sheria na mimi sikuzisoma. Nani aliandika ile karatasi ya zone inayokataza wanyama mjini? Bwana mkubwa aliitia sahihi, lakini aliyeipiga kwa mashine, herufi kwa herufi, ni baba yako, karani wao. Yeye ndiye aliyeandika kwamba mbuzi na nguruwe wasionekane katika mji, kwamba mbwa afungwe na achomwe sindano, kwamba kuku wakae ndani ya banda, na kwamba ng'ombe ni marufuku kabisa. Akaja nyumbani jioni ile na wino vidoleni, akavua shati, akaingia kwenye garaji kukamua.

Nilimuuliza, «Papa Nsimire, hii règlement yenu haituhusu sisi?»

Akanijibu bila hata kugeuka, «Inasema ngombe hapana kaa mu parcelle, mu kiwanja. Hii iko ndani ya nyumba.»

Nilikwenda kukaa jikoni na Koko ili nisimpige na ndoo.

Halafu karatasi hiyo ikasomwa kwa kipaza sauti siku ya Salongo, mbele ya mtaa mzima, wote tumeshika mafagio. Ulikuwepo. Ng'ombe alilia katikati ya kifungu chake mwenyewe. Watu walitazama miti, walitazama ziwa, kila mtu alitafuta mahali pa kuweka macho. Mama jirani, yule anayefuga nguruwe chini ya ngazi na kuwafungulia redio kwa sauti kubwa ili wasisikike, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kulalamika juu ya nzi wetu. Mimi simlaumu sana. Kila nyumba ya mtaa huu ina mnyama wa kuficha, na mnyama wa jirani daima ndiye anayenuka zaidi.

Wiki iliyopita akaja mtu wa usafi. Wewe ulikuwa umekwenda kuaga walimu wako, kwa hiyo hili hulijui. Ni kijana mpole, amechoka, viatu vyake vimepasuka mbele. Alianzia jikoni. Akawakuta dende wa Koko, wale panya wake wanene wasio na mkia, wanakimbia chini ya meza na kupiga filimbi zao.

«Koko, na hizi?»

«Hizi ni dende.»

«Niko naona. Nauliza, ni nyama za kufuga?»

«Sizifuge. Zinakaa tu.»

Kijana akafungua karatasi yake, akatafuta dende juu mpaka chini, hakuwapata. Nilimwona anafurahi kidogo, kwamba kuna kitu kimoja humu ndani ambacho halazimiki kukikataza. Ndipo garaji ikalia. Si kidogo. Ililia kama inaitwa mahakamani.

«Mama,» akaniambia, «hii sikusikia.»

«Umesikia.»

«Ndiyo, nimesikia.» Akakaa kwenye kiti cha cherehani yangu. Nikampa kikombe cha maziwa, akanywa, akafuta mdomo, akasema kwa huzuni ya kweli, «Iko tamu. Lakini Jumamosi tunapita na bakubwa. Nikiikuta, tunaibeba. Muitoshe inje ya ville, mama, muipeleke kule kwenye inaruhusiwa.»

Tangu siku ile nyumba yote inazungumzia Walungu. Kwa mjomba wako kuna majani, kuna kijana wa kuchunga, hakuna zone, hakuna kipaza sauti. Baba yako amefurahi. Koko amefurahi. Ng'ombe aende Walungu, azae huko, na kila mtu alale. Hakuna aliyesema neno moja juu yako. Ng'ombe akifika Walungu, amekuwa wa ukoo. Akizaa huko, ndama naye atakuwa wa kugombaniwa, na kuanzia hapo kumrudisha itakuwa vita vya wazee. Ataendelea kukufunga wewe, uwe Kisangani au uwe mbinguni.

Na unajua walichosema watu wa Miti mwezi uliopita? Hukuambiwa, kwa sababu baba yako alinikataza, nami nikatii, jambo linaloniudhi hadi sasa. Mzee alikuja peke yake. Akala, akanawa, akasema, «Mutoto aende ku masomo, sisi hatukatae. Mwaka moja inatosha. Akirudi kupumzika mu vacances, tunafanya ndoa. Muke mwenye kujua sana, ataongozwa na nani?» Baba yako akakohoa tena. Siku moja nitakwenda kumwona daktari kuhusu kikohozi hicho.

Byamungu mwenyewe si mtu mbaya, na sitakudanganya kwamba ni mbaya ili kurahisisha barua yangu. Ana kazi safi kwenye shamba la chai, hanywi sana, anawasalimu wakubwa. Lakini kila alipokuja hapa alipitia kwanza kwenye garaji. Alikaa huko muda mrefu, akampapasa ng'ombe, akatazama kwato zake, akaonya kwamba sementi inateleza. Alikuulizia wewe akiwa tayari langoni, anavaa kofia. Nilimwona mara zote. Nami nilikaa kwenye cherehani nikajiambia kwamba labda ana haya.

Nami nikakuuliza wewe, jikoni, tukimenya ndizi. Nilisema, unamtaka Byamungu? Ukajibu, «Iko tu muzuri, maman.» Nsimire! Nilikuuliza juu ya mume ukanijibu kana kwamba ninakuonyesha kitambaa. Nilitaka kukutingisha. Unaweza kubishana na mwalimu wa fizikia mpaka akavua miwani, unaweza kumkatalia mkuu wa shule mbele ya darasa, lakini mama yako akikuuliza jambo la maisha yako unageuka kuwa maji. Halafu unachukua mundu na kwenda ukingoni mwa ziwa kumkatia majani yule yule ng'ombe anayekungoja. Nilikutazama ukirudi na mzigo kichwani, unaimba. Sijui kama nimewahi kukasirika na mtu ninayempenda kiasi hicho.

Najua ulitoa wapi tabia hiyo. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda.

Mimi nilikuwa kwa masista, mwaka wa nne. Nilikuwa wa pili darasani, na yule wa kwanza alikuwa ananiogopa. Nilitaka kuwa muuguzi, kwa sababu ya zile saa walizobandika kifuani, nadhani. Siku moja kaka yangu alikuja kunichukua, akasema nyumbani kuna ng'ombe. Hakusema kuna mume. Nilifunga vitu vyangu, nikamsalimia sista, nikatembea nyuma ya kaka yangu mpaka Walungu, na njia nzima sikuuliza hata swali moja. Nilifikiri kuuliza ni utovu wa adabu. Nilifikiri kama kuna kosa, mtu mzima fulani ataliona na kulisema.

Yule ng'ombe hakumaliza mvua za mwaka ule. Aliugua miguu, akafa. Baba yangu alilia, watu walikuja kumpa pole, walikula nyama. Nilikuwa bado sijaolewa, harusi ilikuwa bado. Nikangoja mtu aseme, basi, ng'ombe hayupo, mtoto arudi shule. Nilingoja kwa moyo wote, Nsimire. Nilikuwa naosha sufuria, masikio yangu yakiwa kule sebuleni. Hakuna aliyesema, nami sikusema. Kama ningeingia tu pale na mikono yenye majivu na kusema nataka kurudi, nadhani baba yangu angekubali. Alikuwa mtu mpole. Sijui. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sitajua kamwe.

Usinielewe vibaya kuhusu baba yako. Nampenda, hata na mgongo wake. Amenipa cherehani, hajaninyanyulia mkono, na ndiye aliyepiga kwa mashine barua zako zote za kuomba chuo, usiku na mchana, mpaka ukapokelewa. Naye anampenda ng'ombe yule kwa sababu siku nzima anaandika maneno ya watu wengine, na jioni garajini hakuna anayempa maneno ya kuandika. Naelewa. Naelewa kila mtu katika nyumba hii, na nimechoka kuelewa.

Kwa hiyo leo, tulipokuwa tunakula, wewe ukiwa umekwenda kwa rafiki yako kuaga, nilimwambia.

«Papa Nsimire, kesho nampeleka ngombe miye.»

«Vizuri. Walungu ni mbali, utoke mapema.»

«Siende Walungu. Naenda Miti.»

Aliweka kijiko chini. Koko akaacha kutafuna.

«Mwanamuke hawezi kurudisha ngombe,» akasema. «Haiyaonekanaka hata siku moja.»

«Règlement uliandika weye. Inasema kila mwenye kukaa mu nyumba atoshe nyama yake ya kufuga inje. Miye siko nakaa humu?»

«Batu ba Miti batasema nini?»

«Baseme. Kinywa iko yabo.»

«Na wakikatala kuipokea?»

«Nitaifunga ku muti ya mbele ya nyumba yabo, narudi kwangu.»

Nilingoja akohoe. Hakukohoa. Akasema kwamba kamba ya ng'ombe imechakaa, itakatika kwenye mlima. Akatoka. Sasa ninavyoandika yuko garajini na taa, anasuka nyingine. Namsikia anamweleza ng'ombe kitu, sijui nini. Koko amekwenda kulala amekasirika, lakini ameniachia viazi vya kuchemsha vya njiani, vimefungwa kwenye jani.

Naogopa, usidhani siogopi. Mzee wa Miti anaweza kunifokea mbele ya wake zake. Anaweza kudai kila kikombe cha maziwa tulichokunywa, pamoja na cha mtu wa usafi. Mtaani watasema binti wa fulani, ng'ombe wake alirudishwa na mama yake, na wengine watasema una kasoro. Huenda mwingine asije na ng'ombe kwa muda mrefu. Hayo yote nimeyafikiria nikiwa nashona, nimeshona hata mkono wa gauni la mteja upande usio wake.

Tena nimefikiria hili: kwamba ninakufanyia yale yale niliyofanyiwa. Ninakuamulia. Kaka yangu alinichukua shule bila kuniuliza, na mimi ninarudisha ng'ombe wako bila kukuuliza. Tofauti ninayoiona ni moja. Ng'ombe aliyerudishwa anaweza kuja tena. Byamungu akikutaka kweli, njia anaijua, miguu ya ng'ombe ni mizima, na safari hiyo utasimama wewe mwenyewe mbele ya wazee na kusema ndiyo, kwa mdomo, neno lisikike mpaka kwa wenye nguruwe. Nitapika siku hiyo. Nitacheza hata na mgongo wa baba yako. Lakini ng'ombe aliyekubaliwa kwa kimya, huyo hakuna anayejua namna ya kumtoa. Mimi nilijaribu kwa kuosha sufuria.

Huko Kisangani watakufundisha sheria kubwa kubwa, za nchi na za serikali. Jifunze zote. Mimi ninachojua juu ya sheria ni kidogo: karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya nzi na harufu imenipa mlango ambao ndugu zangu wote hawakunipa. Sikuutafuta mlango huo, na bila ya yule kijana wa viatu vilivyopasuka ningekaa kwenye cherehani mpaka ndama wa tatu. Kwa hiyo usije ukasema huko kwamba mama yako ni shujaa. Mama yako alisukumwa na zone.

Na jambo la mwisho, kwa sababu sitaki kukuamulia lote. Nimemwambia baba yako akupe barua hii kabla hamjatoka nyumbani. Isome mpaka mwisho, usiiweke kwenye sanduku kwa ajili ya baadaye, nakujua.

Lori lenu litapanda njia ile ile ninayoipanda mimi, mpaka Miti, ndipo mtakata kwenda Bunyakiri. Mtanifikia karibu na Mudaka, nadhani, jua likiwa limeanza kuchoma. Utaniona kwa mbali, nitakuwa nimevaa kitenge cha njano. Kama unamtaka Byamungu, piga juu ya lori, mwambie dereva asimame. Nitageuza ng'ombe pale pale, nitamtembeza mpaka Walungu, ingawa ni upande mwingine kabisa, na sitakuuliza kwa nini, wala leo wala siku nyingine. Nakuahidi.

Kama humtaki, usisimamishe lori kwa ajili ya kuniaga. Nitaelewa vibaya. Piteni tu.

Mimi nitamvuta ng'ombe pembeni ili mpate njia.

Mama yako